Kadi Moja

Mwaka ule zahanati ya Uvinza iliishiwa kadi.
Nesi akamwuliza mama: ile ya yule wa kwanza unayo bado?
Mama alikuwa nayo, ameifunga kwenye pindo la khanga,
ndani ya sanduku la bati, chini kabisa.
Akaitoa. Nesi akaisoma, akasema, basi,
jina zuri hili, na wino wake haujafutika.

Hivyo ndivyo nilivyoitwa Zabloni.

Baba alikuwa zamu, kwenye matanuri ya chumvi.
Aliporudi, mabega yamepauka, akakuta nimeshaandikwa.
Akanyamaza. Akavua viatu. Akasema:
mtoto huzikwa, jina halizikwi.
Kisha akaomba maji ya kuoga.

Kadi hiyo sasa ninayo mimi.
Kwa wino mwekundu: kilo tatu, nne na nusu, sita,
saba na robo, saba na robo tena,
sita.
Halafu nafasi ya upana wa kidole.
Halafu wino wa buluu: kilo mbili na nusu.
Hapo ndipo ninapoanza, nimening'inizwa kwenye mizani ya ndoano
kama mahindi ya mbegu darini,
ninalia kwa jina la mtu.

Tarehe ya kuzaliwa hakuna aliyeigusa.
Tisa Machi, yake. Yangu haikuandikwa popote;
mama anachokumbuka ni kwamba Malagarasi ilifurika
na treni ya Kigoma ikalala Nguruka siku mbili.

Siku ya kuandikishwa shule, Mwalimu Bitaho alisema:
pitisha mkono juu ya kichwa, shika sikio la pili.
Haukufika.
Akatazama kadi, akanitazama mimi,
akatazama kadi tena, akaandika: umefika.

Wengine hukutana na wajina wao njiani,
hucheka, hupeana mkono, hununuliana soda.
Mimi somo yangu sikupata kumsalimu.
Nilivaa kofia yake ya sufu ikanibana masikio.
Nilijifunika shuka lake.
Na mama aliponiita, aliita mara mbili:
Zabloni! Nami nikaja mbio.
Zabloni, akarudia, polepole,
huku nimeshasimama mbele yake
na mkono wake uko kichwani pangu.

Juzi barua imenikuta stoo ya mizigo, stesheni:
Ndugu Zabloni Nyabenda, umetimiza miaka sitini.
Nina hamsini na minane. Goti langu linajua,
maana nalo limeanza kulalamika juzi tu.
Karani kijana akanipa mkono, hongera mzee.
Sikumsahihisha. Ningeanzia wapi?
Na miaka miwili hiyo, hata ningeidai,
nisingejua kuitumia. Ina mwenyewe.

Nikashuka Uvinza na mfuko mmoja wa saruji.

Kaburi lake ni dogo, unaweza kulivuka bila kukusudia.
Msalaba wa mninga, mchwa wameula mkono mmoja,
na haujawahi kuwa na herufi hata moja.
Nilipokuwa mdogo nilimwuliza baba kwa nini.
Tungeandika nini, akasema,
na jina lilikuwa kazini?

Fundi Lameki akasawazisha, akachutama,
msumari mkononi, saruji bado mbichi.
Marehemu alizaliwa lini, mzee?
Tarehe nilimtajia kabla hajamaliza kuuliza;
nimeijaza kwenye fomu maisha yangu yote.
Na jina?
Nikatoa kitambulisho mfukoni, nikampa.
Nakili hapo.
Akaitazama picha. Akanitazama.
Mzee, hiki si chako?

Saruji inakauka, nikamwambia.
Andika.